Mwaka Niliompa Goreth Kichwa Changu

Kwenye matanga ya Goreth, chini ya shitingi, lile turubai la plastiki, iliyofungwa baina ya nyumba mbili pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtu mmoja aliyesoma naye chuo kikuu Mbarara alisimama na kipaza sauti akasema kwamba marehemu alipenda vitabu tangu utotoni. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini kwenye vumbi, na haikuwa kwa huzuni peke yake. Goreth hakupenda vitabu. Alivichukia kama mtu anavyomchukia mbwa aliyemuuma, na kama angekuwa amekaa pale karibu nami badala ya kulala kwenye sanduku, angeniletea mdomo sikioni na kuniuliza, "Mapendo, huyu anamzika nani?" Watu wakatikisa vichwa, wakasema amina. Mama yake, ambaye siku hizi haoni vizuri, akatikisa kichwa pia, na yeye anajua ukweli wote. Mimi si mtu wa vipaza sauti. Nilisoma sekondari kidogo huko Kivu Kusini, kwa Kifaransa, halafu vita ikafunga shule, na mambo yangu ya shule yakaishia hapo. Lakini jambo hili limenikaa rohoni tangu siku ile, na naona heri niandike mwaka ule ulivyokuwa. Vitabu vyake vya mwaka wa kwanza nilivisoma mimi. Yeye alivisikiliza, na kila alichosikia alikisuka juu ya kichwa changu.

Tulikuwa tunakaa Mbarara, upande wa Ruharo, kwenye chumba kimoja cha mstari wa vyumba vilivyobanana, kila kimoja na pazia lake mlangoni na sigiri yake ya makaa nje. Goreth alikuwa amepata ufadhili wa kusomea ustawi wa jamii, mmoja wa wachache waliotoka Nakivale mwaka ule. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kupika na kuosha vyombo kwa Mama Brian, mke wa mwanajeshi, aliyekuwa na kibanda cha chakula nje ya kambi ya jeshi ya Makenke. Goreth alikuwa Mrundi, mimi Mshi wa Kongo. Kwao walisema Kirundi, kwetu Mashi, kwa hiyo kati yetu palibaki Kiswahili, na kila mmoja aliona cha mwenzake kimeharibika. Chumbani mlikuwa na kitanda kimoja, mkeka, majerikani, sanduku la bati tulilolifanya meza, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani kwa karibu sana hata ungeweza kuupiga deki bila kutoka nje. Jirani mwenyewe, mama mmoja Mnyankore, alichemsha maziwa kila asubuhi na kila asubuhi yakamwagikia makaa. Harufu ile ya maziwa yaliyoungua ndiyo harufu ya mwaka wangu ule. Tulikula maharage na ndagala, dagaa wa huko, na siku nikibahatika kubeba ukoko wa katogo, ndizi zilizopikwa na matumbo, kutoka kwa Mama Brian tulikula huo. Sharti la ufadhili lilikuwa jepesi kulieleza: Goreth apite masomo yote ya mwaka wa kwanza, au arudi Nakivale akalime. Njia ya tatu haikuwepo.

Wiki za kwanza nilimwona amekaa mbele ya kitabu, ukurasa ule ule, mpaka uji unafurika. Nilidhani ni uvivu, na nikamwambia. "We uko unalala na macho wazi." Akanijibu bila kuinua uso kwamba herufi zinatembea, ukizishika mkia zinageuza kichwa. Nikacheka. Sikuona ajabu kwamba amefika chuo kikuu akiwa hivyo, na hata leo siioni, kwa kuwa nimeona shule za Nakivale. Darasa limejaa hadi madirishani, kitabu kimoja kiko mkononi mwa mwalimu, mwalimu anasema, watoto wanaitikia. Shule ya namna hiyo haikuhitaji macho ya Goreth. Ilihitaji masikio, na masikio yake yalikuwa makali kama ya mbuzi. Kilichoingia hakikutoka. Mtihani ukija aliandika polepole, kwa maumivu, maneno machache yaliyojaa ukweli, na walimu wakampitisha. Chuoni mwalimu aliingia, akasema someni kutoka hapa mpaka pale, akatoka. Na kutoka hapa mpaka pale ilikuwa unene wa tofali.

Kusoma kwetu kulianza kwa mzaha. Jumapili moja baada ya misa yake na baada ya ibada yangu alikuwa ananisuka, mimi nimekaa kwenye mkeka, yeye nyuma yangu kwenye sanduku, na nilipochoka kukaa bure nikaokota kitabu chake nikakisoma kwa sauti ili tucheke. Kiingereza sikukijua. Herufi nilizijua, nikazitamka zote kwa Kifaransa, kama padri anayesoma lugha ya watu waliokwisha kufa. Goreth alicheka mpaka akanipiga kitana utosini. Akanisahihisha neno moja, la pili, la tatu. Halafu akanyamaza, vidole vikawa vinakwenda, vinakwenda, na nilipotaka kufunga kitabu akasema, "Endelea." Jioni tulipokuwa tunakula alinieleza kwa Kiswahili kila kitu nilichokuwa nimekisoma bila kukielewa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alipotaka kukumbuka sehemu fulani alinyoosha mkono akagusa mstari fulani wa nywele zangu. "Hii ya nyuma ya sikio," alisema, "ndiyo ile habari ya vijiji na miji." Nikamwambia aondoe mkono wenye ndagala kichwani mwangu.

Basi ukawa ndio utaratibu. Watu wanaosikia habari hii siku hizi huniambia ni nzuri, ni ya kugusa moyo. Mimi nawaambia wakae wasukwe jioni baada ya jioni, wafumuliwe, wasukwe tena, ndipo waje tuzungumze moyo. Nilikuwa natoka kusugua masufuria ya posho, yaani ugali wa wanajeshi, mikono imefura kwa sabuni, miguu inawaka, na kabla sijavua kandambili ananiita, "Kaa chini, weye." Nikisoma vibaya alivuta. Nikiruka mstari alivuta zaidi, na sijui alijuaje kwamba nimeruka. Kila somo lilikuwa na mahali pake: mengine yalianzia kwenye paji la uso yakaenda kisogoni, mengine yakazunguka kama njia ya ng'ombe, na lile la hesabu za utafiti, ambalo hakulipenda, alilisuka kwa kubana hata nikashindwa kufumba macho vizuri. Masomo ya Nakivale yalikuwa mafupi; haya marefu ya chuo, bila kichwa mikononi, aliyasikiliza na kuyasahau. Tulijaribu kumenya viazi, tukajaribu kuchambua mchele. Havikufaa. "Kiazi hakilalamiki," alisema. Ngozi yangu ililalamika kwa niaba ya vyote.

Mama Brian aliona nywele zinabadilika na hakuvumilia. "Wewe Mapendo, juzi nywele ilienda mbele, leo naenda pembeni. Wewe napata bwana mpya?"

"Hapana, mama. Ni masomo."

"Masomo gani nasukwa kwa kichwa? Banange!" Akawageukia wanajeshi waliokuwa wanakula. "Nyinyi, angalia hii mutu. Chuo kikuu iko hapa kwa kichwa yake, na chumvi nasahau kutia kwa maharage."

Walicheka. Mmoja akaomba nigeuke aone kama kuna ramani ya Kongo. Niliosha sahani zao kwa hasira. Na kweli nilikuwa nimesahau chumvi.

Mitihani ya Desemba ilipokuja Goreth aliingia na masomo yote kichwani na akatoka mikono mitupu. Kukumbuka alikumbuka, lakini karatasi ya maswali ilikuwa imeandikwa, na majibu yalitakiwa kuandikwa, na muda ukaisha angali anazisimamisha herufi za swali la pili. Alianguka masomo mawili, akapewa onyo. Alirudi chumbani akajifunika shuka mchana. Nilikasirika naye, nilikasirika na chuo, nilikasirika na kichwa changu kilichoumia bure miezi yote ile. Nikamwambia, "Goreth, kama iko hivi, tuache. Mi nifumue hizi nywele nilale." Akasema kutoka chini ya shuka, "Fumua." Sikufumua. Nilichemsha maji ya bugali.

Ilikuwa baada ya Krismasi, mvua inanyesha nje ya pazia, nilipokuwa nasoma sura moja juu ya watu wenye ulemavu na namna ya kuwasaidia. Kufikia hapo matamshi yangu yalikuwa yamepona kidogo, lakini maana bado nilikuwa naikosa. Nilikuwa nasoma kama mtu anayebeba magunia, nalitua hili, nachukua lile. Ghafla vidole vikasimama. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia. Akaniambia nirudie mara nyingine, polepole, na mimi nikawaka. "Nini? Nimesoma mubaya fasi gani? We sema tu!" Nilipogeuka nilimwona ameshika nusu ya msuko hewani, mdomo wazi. Halafu akanieleza. Kitabu kilisema kuna watu ambao akili yao ni nzima na macho yao ni mazima, lakini herufi hazikai mahali pake, wanasikia na kukumbuka vizuri, na wakiandika wanapata taabu. Kilisema si uvivu wala si laana. Kilisema hali hiyo ina jina, na kwamba mwanafunzi wa namna hiyo anapaswa kusomewa na kuongezewa muda. Alicheka, akatukana kwa Kirundi, akalia, akacheka tena. "Mapendo," akasema, "nimeandikwa humu." Nikamwambia kama ameandikwa humo basi amalize msuko, maana upande mmoja wa kichwa ulikuwa unapata baridi.

Tulidhani kazi imekwisha. Chuo chenyewe ndicho kilichomfundisha kwa kitabu hicho, basi akienda kukionyesha ukurasa wake watamsomea. Akaenda kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, nikaenda naye, kwa kuwa alisema peke yake atashindwa kusema neno kilema. Mwenye ofisi aliitwa Madamu Peace, mwanamke mnene mwenye wigi lililonyooka na miwani iliyofungwa kamba. Alitupokea vizuri. Alikuwa na njia ya zege kwa viti vya magurudumu mpaka mlangoni pake, alikuwa na fimbo nyeupe kwenye kona na mtu wa kutafsiri ishara kwa viziwi. Alipotusikia mimi na Goreth tunanong'ona aliacha Kiingereza. "Ongea tu Kiswahili. Mimi mtoto ya barracks, nimezaliwa Makenke." Kwao Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Akasikiliza yote. Kisha akavua miwani akasema chuo kinataka uthibitisho wa daktari, na kwamba ulemavu wa Goreth ni wa kwanza wa aina yake kuingia mlango ule. Namaanisha ulikuwa wa kwanza kusema jina lake. Wangapi walipita kimya wakafukuzwa kwa uvivu, hakuna anayejua.

Hapo ndipo nilipojifunza uchovu ambao hauna uhusiano na masufuria. Tulikwenda kwa daktari wa macho huko Ruharo. Alikuwa mtu mwema, alimpima Goreth kwa upole na kwa taa, akamwambia kwa furaha kabisa kwamba macho yake yanaweza kumwona siafu juu ya paa. Uthibitisho wa uzima huo hatukuuhitaji. Tukaambiwa kwamba yeye ni mkimbizi, na walemavu wa kambini wanaandikishwa kambini, tukarudi Nakivale mpaka Base Camp, penye ofisi za kambi. Kijana wa dawati akamwangalia miguu, akamwangalia mikono, akamwambia asimame, akamwambia akae. "Dada, shida iko wapi sasa?" Goreth akasema iko kwenye kusoma. Kijana akauliza anasoma wapi. Akajibu chuo kikuu. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, kama nisingekuwa nimesimama karibu naye ningecheka pia.

Yule asiyekaa kambini hawezi kujua neno kilema lina uzito gani kule. Aliyeandikwa kilema watu humhesabia kwamba faili lake litatangulia, kwamba ataitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa Ulaya au Amerika kabla ya wengine. Kabla hatujafika nyumbani kwao habari ilikuwa imetutangulia. Kwenye duka moja pale Misiera, tuliponunua sabuni, mama muuzaji alimwuliza Goreth kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Eti sasa uko na kilema? Kilema ya kupanda ndege?" Mwanamume aliyekuwa anapima mahindi akaongeza kwamba na yeye ana kilema cha kutopenda kulima, wamwandike. Goreth alilipa sabuni akatoka. Nyumbani mama yake alikuwa ameshasikia. Alikuwa anachambua maharage na hakusimama kutusalimu.

"Miye sikuzaa kilema," alisema.

"Mama, si kilema ya mguu."

"Ya wapi? Ya kichwa? Ndiyo mbaya zaidi. Nilikubeba kutoka Burundi mgongoni, nikakuhesabu vidole njiani, vyote vilikuwepo. Nani atakuoa?"

"Nataka kusoma, mama. Kuolewa kutakuja."

"Unataka kusoma na unasema huwezi kusoma. Mapendo, weye ulikuwa mtoto mwenye adabu. Unamfundisha nini mwanangu?"

Niliinama, maana kwetu mama wa mwenzako hujibizani naye, hata akiwa amekosea, na moyoni nilikuwa natamani kulipiga teke lile sinia la maharage. Katekista wao alikuja jioni ile ile akasema wataombea macho. Goreth akamwambia macho yamepimwa, yanamwona siafu. Katekista akasema basi wataombea siafu. Alidhani anamchangamsha. Wiki hii nimekaa na mama huyo huyo kwenye mkeka wa matanga, ameshika mkono wangu, na ameniambia zaidi ya mara moja, "Weye ndiye ulikuwa macho yake." Nampenda. Lakini alipaswa kulisema mwaka ule.

Aliyetuokoa na mzunguko huo alikuwa Madamu Peace, ambaye alichoka kabla yetu. Alimtafuta mwalimu mmoja mzee aliyefundisha watoto wa namna hiyo maisha yake yote, akamleta ofisini, na mwalimu akamkalisha Goreth asubuhi nzima kwa sauti na picha na maneno yasiyo na maana. Mwisho akaandika walichotaka kiandikwe. Chuo kikakubali kwamba kwenye mtihani wa Mei Goreth atasomewa maswali, atajibu kwa mdomo, na mtu ataandika. Msomaji asiwe mimi. Hilo nililielewa, hata mimi nisingejiamini. Tulishangilia kwa nyama ya mchemsho na ndizi, na nikalala nikidhani kichwa changu kimepata likizo.

Lakini mikono. Hakuna aliyefikiria mikono. Ni Goreth mwenyewe aliyeiwaza, usiku wa kuamkia mtihani, na hakuniambia mpaka asubuhi nilipomwona anatia uzi mweusi wa kusukia ndani ya mkoba. Alikuwa amefunga nyuzi kwenye mguu wa kitanda akazisuka misuko minne, mmoja kwa kila mada kubwa, na nyingine nyingi ameziacha wazi azisuke mle ndani wakati anasomewa. "Ni uzi tu," aliniambia. Kwenye mtihani alizifunga kwenye ukingo wa meza, akaanza kusuka, akaanza kujibu, na akajibu vizuri mpaka msimamizi aliyekuwa anapita akasimama. Aliona misuko iliyokwisha na misuko inayoendelea, mmoja mnene, mwingine mwembamba, mwingine umepinda. Akazifungua nyuzi zote mezani, akaichukua misuko kama mtu anayechukua nyoka, na mtihani ukaishia hapo.

Goreth aliitwa mbele ya kamati. Aliwaambia yuko mtu anayeweza kueleza, akataja jina langu, na Mama Brian akanipa ruhusa huku akilalamika kwamba sasa napika mpaka chuo kikuu. Kwenye ukumbi wa kungojea Goreth aliniinamia. "Sema ni uzi tu. Sema unanituliza. Si uongo." Nikamwambia ni nusu. Akasema, "Basi sema hiyo nusu." Ndani walikuwa wamekaa watu wazima wenye tai upande mmoja wa meza, na misuko ya Goreth imelazwa katikati, juu ya karatasi nyeupe. Madamu Peace alitafsiri.

"Mapendo, hii watu nauliza. Hii uzi iko na masomo ndani yake?"

Nilimwangalia Goreth. Aliangalia mikono yake. Mimi sijui kusema nusu. Si sifa, ni namna nilivyo, na imeniharibia mengi. "Iko," nikasema. "Hii ine alisuka ku nyumba. Kila moja iko na somo yake. Ile ingine alisuka hapa."

Mmoja wao akauliza kitu, na Madamu Peace akakigeuza: "Wewe naweza kuzisoma?"

"Mi? Hapana. Hata yeye hawezi kuzisoma. Kama angekuwa anaweza kusoma hatungekuja hapa." Nikawaeleza basi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, kwamba ni vidole vinavyokumbuka, kwamba akisuka upya ndipo somo linarudi lote, kwamba mwaka mzima alikuwa anasuka kichwa changu. Niliinama nikawaonyesha. Walitazama kichwa changu kama watu wanaotazama shimo barabarani.

Mtihani ule ulifutwa. Hawakumfukuza. Angerudia mwezi wa Agosti pamoja na yale masomo mawili ya Desemba, na safari hiyo hatakuja na kitu chochote kutoka nyumbani, hata kamba ya kiatu. Akianguka, ufadhili umekwisha. Nje Goreth aliniuliza swali moja tu, "Weye ulikuwa shahidi wa nani?" na hakungoja jibu. Nimefikiri jibu kwa miaka mingi. Misuko ile minne ilikuwa wizi au haikuwa wizi? Sijui. Ninachojua ni kwamba niliulizwa na nilijua.

Aliacha kunisemesha. Lakini Agosti ilikuwa inakuja na vichwa havikuwa vingi, kwa hiyo kila jioni alikaa kwenye sanduku, nami nikakaa kwenye mkeka, nikafungua kitabu. Alisuka bila neno. Chumba kizima, juma baada ya juma, maneno yaliyosikika yalikuwa ya Kiingereza peke yake, na niliyasema mimi, ambaye nilielewa machache. Akitaka nirudie aligonga kwa kitana. Akishiba alinyanyuka. Kuna siku nilisimama katikati ya ukurasa nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimechoka kusemesha ukuta, na kwamba ukuta wa jirani angalau haunivuti nywele. Akagonga kwa kitana. Nikaendelea.

Siku ya mtihani nilimsindikiza, tukitembea mmoja mbele mmoja nyuma kama watu wasiojuana. Ulifanyikia ofisini kwa Madamu Peace kwa sababu ya utulivu, na mimi nikabaki kwenye baraza, dirisha likiwa wazi kwa joto. Ndani walikuwemo mwalimu wa somo, mwanamume mwenye upara unaong'aa; msichana wa kusoma maswali na kuandika majibu, aliyenyoa kama mwanafunzi wa sekondari; na Madamu mwenyewe. Ofisi ilikuwa imenunua uzi wake, mpya, kwenye pakiti yake, na Madamu akaukata mbele ya mwalimu akaufunga kwenye mgongo wa kiti. Msichana akasoma swali. Goreth akashika uzi, akasuka kidogo, akasimama. Akaanza tena. Akajibu maneno machache yakakatika. Uzi wa Mei ulikuwa umeanzia nyumbani; huu ulikuwa mtupu. Nilimwona shingo inaloa jasho. Mwalimu akaangalia saa. Msichana akarudia swali, na mimi huko nje nilijua jibu liko wapi, liko juu ya sikio langu la kulia, na sikuwa na la kufanya.

"Madamu," Goreth akasema, "kiti ni kigumu. Hakisemi kitu. Naomba kichwa."

Madamu Peace akamgeuzia mwalimu maneno hayo kwa Kiingereza. Mwalimu akajigusa upara. Msichana akajigusa kipara chake. Kisha wote watatu wakageuka kwenye dirisha, wakaniona, nami bila kufikiri nikasogeza kichwa mbele. Mwalimu akakataa kwa kidole, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu. Nilielewa alichosema hata kabla ya kutafsiriwa: kile pale hapana, kile kimeshajaa.

Madamu Peace alitazama saa ya ukutani. Alikuwa na mkutano na wakubwa wa chuo baada ya pale, alikuwa ametuambia asubuhi, ndiyo maana alivaa suti. Akavua miwani akaiweka mezani. Akatoa pini, moja moja, akavua wigi, na chini yake nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi za kutosha kumtia mtu aibu na ndefu za kutosha kushikika. Akatandika gazeti sakafuni, akakaa mbele ya magoti ya Goreth, suti na yote.

"Soma swali," akamwambia msichana.

"Madamu, nikivuta sana sema," Goreth alisema.

"Nimekuambia mimi mtoto ya barracks. Vuta."

Akavuta. Madamu akasema "Aii!" na Goreth akaanza kuzungumza. Alizungumza mpaka msichana akaomba apumzishe mkono, na mwalimu akachukua kalamu akaandika yeye. Muda ulipokwisha alikuwa amefika katikati ya utosi. Alama zilipotoka baadaye zilikuwa za kupita, si za kusifiwa, na chuo kikamwachia vichwa vya kusuka kwenye mitihani mpaka alipomaliza masomo. Lakini siku ile hatukujua hayo. Siku ile Goreth aliinuka na kitana mkononi, akamfuata Madamu mlangoni akimsihi angoje amalize, asiende kwa wakubwa hivyo. Madamu alitia wigi kwenye mkoba. "Kesho kutwa iko mtihani ingine," akasema. "Utamalizia hapo." Akashuka ile njia ya zege na kukatiza uwanja kwenda mkutanoni, upande mmoja wa kichwa umelala mistari, upande mmoja umesimama.

Goreth alibaki amesimama karibu yangu mpaka Madamu alipopotea nyuma ya jengo. Akaupitisha mkono kichwani mwangu, kwenye misuko, kama mtu anayetafuta alipoishia.

"Twende nyumbani," akasema. "Upande wa kushoto bado hujanisomea."